Kahawa ya Chepkube na Seng'enge ya Mandera

 

Leo nimebeba swali ambalo mmelisikia barazani na ndani ya matatu: tukijenga ua mpakani, je, wanaoingia bila karatasi watakoma? Hapa Trans Nzoia wapo wanaosema waziwazi kwamba serikali ingevuta seng'enge kwenye mpaka wetu na Uganda, kutoka Suam hadi Lwakhakha, tungelala usingizi. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu nazitoa katika historia yetu wenyewe. Kisa kimoja kilitokea mlima huu huu wa Elgon, karibu miaka 50 iliyopita. Kingine kilitokea Mandera, na gharama yake tumeilipa sisi walipa kodi.

Tuanze na mpaka wenyewe. Hadi mwaka 1902, hapa tulipo palikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea hadi Naivasha. Reli iliyotoka Mombasa ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, Waingereza waliona ni taabu reli moja kusimamiwa na serikali mbili. Tarehe 1 Aprili 1902 wakauhamisha mkoa huo ukaingia upande huu, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna mzee wa Kibukusu, wa Kisabaot wala wa Kiteso aliyeitwa kuulizwa. Wabukusu wakawa huku, ndugu zao Wamasaba wa Mbale wakawa kule. Wasabaot huku, Wasebei kule. Wateso nao wakakatwa katikati.

Mnaojua mila za Wabukusu mnaelewa maana yake. Ukifika Agosti ya mwaka wa tohara, kama 2022 au 2024, kijana hutembea na kengele zake mikononi akiwaalika jamaa, na ni lazima afike kwa wajomba. Mjomba humchinjia, humvisha kipande cha nyama shingoni, kisha humrudisha kwao na baraka. Sasa kama mama yake aliolewa kutoka upande wa Mbale, kijana huyo atavuka mto Lwakhakha. Atavuka akiimba, na kundi zima la wenzake nyuma yake. Nani kati yenu angesimama pale amwambie arudi akachukue pasipoti?

Sasa twende kwenye kahawa.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa nchini Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapanda mwaka uliofuata, na 1977 ikafika juu kabisa. Uganda ilikuwa na kahawa nyingi, lakini Idi Amin alikuwa madarakani. Mkulima wa Uganda alitakiwa kuuza kwa bodi ya serikali, kwa bei ya chini na kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani kila kukicha. Tena hata akilipwa, dukani hakukuwa na kitu. Tangu Waasia wenye maduka walipofukuzwa 1972, sabuni, chumvi, sukari na mablanketi vilikuwa adimu. Ng'ambo ya mpaka, hapa Kenya, palikuwa na pesa taslimu na maduka yaliyojaa.

Chepkube, kijisoko cha mpakani upande wa Bungoma, kikageuka kuwa soko kubwa la kahawa. Magunia yalishuka usiku, mengine mgongoni mwa punda, mengine vichwani mwa watu, kwa njia za panya zinazopita migombani. Asubuhi malori yalikuwa yakingoja upande huu. Waliorudi Uganda walirudi na chumvi na sabuni. Wapo watu wa Bungoma waliojenga nyumba za mawe na kununua magari kwa kahawa ambayo hawakupanda hata mche wake mmoja, na wapo pia waliokuwa vibarua tu, wa kubeba na kulipwa.

Na huu ndio wakati ambao nchi hizi mbili hazikuwa zikisalimiana. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, akirejelea mpaka ule wa zamani wa kabla ya 1902. Wakenya waliandamana. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda. Julai mwaka huo makomando wa Israeli wakavamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuokoa mateka, ndege zao zikapitia Nairobi, uhasama ukazidi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika.

Amin alifanya nini kuhusu magendo ya kahawa? Hakuweka seng'enge. Aliweka bunduki. Amri yake ya 1975 iliunda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, na mwenye kukutwa na hatia ya magendo aliweza kupigwa risasi. Akamkabidhi Mwingereza Bob Astles kikosi cha kuwasaka wafanya magendo. Watu walikufa. Na bado magunia yaliendelea kushuka Chepkube. Bei ya kahawa duniani ilipoanza kuporomoka, ndipo mbio zile zikapungua. Kama tishio la kifo halikumzuia mtu mwenye gunia la kilo 60 kichwani, nashindwa kuona jinsi waya ungemzuia.

Tutoke mlimani tuelekee kaskazini mashariki.

Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Nchi ililia, na ilikuwa na haki ya kutaka jambo kubwa lifanywe. Serikali ikaanza ujenzi wa kizuizi katika mpaka wetu na Somalia, ambao una urefu wa karibu kilomita 680. Mwanzoni watu walidhani ni ukuta wa mawe. Kilichojengwa Mandera ni nguzo za zege, waya na seng'enge, handaki kando yake, na barabara ya doria.

Machi 2019 Bunge lilisimamisha fedha za mradi. Wabunge walikuwa wameambiwa kwamba shilingi bilioni 3.4 hivi zimetumika, na kilichosimama ni kilomita kama 10. Fanyeni hesabu nami, wasikilizaji. Ni shilingi milioni 340 kwa kila kilomita. Kwa kiwango hicho, mpaka wote wa Somalia ungemeza zaidi ya bilioni 230. Mpaka wetu na Uganda unapita kilomita 800, kwa hiyo huku ungehitaji zaidi ya bilioni 270, na hapo sijataja mishahara ya askari wa kuulinda usiku na mchana.

Lakini hesabu si jambo linaloniuma zaidi. Mmoja wa walioshambulia Garissa alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Alizaliwa ndani ya ua huo kabla haujajengwa. Wakati huohuo, walioumizwa na waya ni wale wa Mandera na Bula Hawa, mji wa Somalia ulio hatua chache tu kutoka hapo, watu waliozoea kwenda sokoni na kuzikana bila kuulizana uraia. Wakazi wa Bula Hawa waliandamana kuupinga.

Mtaniuliza, na ni haki yenu, je, hakuna mahali ambapo ua umefanya kazi? Upo, na nisingekuwa mkweli kama ningeuficha. Israeli ilijenga ua wa karibu kilomita 240 kwenye mpaka wake na Misri, ukakamilika 2013. Kabla yake, watu wengi kutoka Eritrea na Sudan walikuwa wakipita jangwa la Sinai kuingia Israeli. Mwaka 2012 waliingia zaidi ya 10,000, na mwaka uliofuata hawakufika 100. Kwa hiyo waya unaweza kufunga njia. Ila tazameni mazingira yake: ni jangwa tupu, hakuna mjomba upande wa pili, askari wana kamera na magari kila mahali, na sheria iliruhusu anayekamatwa kuwekwa kizuizini kwa muda mrefu. Tena vijana wa Eritrea hawakuacha kukimbia utumishi wa jeshi usio na mwisho. Wengi walishika njia ya Libya, na bahari ya Mediterania imewazika wengi mno.

Mlima Elgon si Sinai. Huku mashamba ya mahindi yanapakana, na mito mingine kiangazi unaivuka bila kuvua viatu. Kijana anayetoka Bukwo, upande wa Uganda, kuja kupalilia shamba Endebess anajua kila njia. Tena tangu Julai 2010, itifaki ya soko la pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa inamruhusu raia wa Uganda kuingia Kenya kihalali, na tangu 2014 kitambulisho kinamtosha. Anayevuka kwa njia ya panya mara nyingi anakwepa kupoteza siku nzima, au anakwepa kitu kidogo anachoombwa. Na wale vijana wa Ethiopia wanaosafirishwa na madalali kupitia Moyale kuelekea Afrika Kusini, husafiri kwenye barabara ya lami yenye vizuizi vya polisi. Wanapita kwa sababu mtu amefungua mkono. Ukijenga ua, umempa mtu huyo lango la kulipisha.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni zito kwa wengi mnaonisikiliza. Januari 2008, baada ya uchaguzi, nyumba zilipokuwa zikichomwa, maelfu ya Wakenya walikimbilia Uganda kupitia Malaba na Busia. Walipokelewa Mulanda, karibu na Tororo, na baadaye wengine wakahamishiwa Kiryandongo. Miaka hiyohiyo, vita vya Mlima Elgon vilipopamba moto, familia za Kisabaot nazo zilivuka kwenda kwa jamaa zao upande wa Uganda. Wakati ule wahamiaji wasio na karatasi tulikuwa sisi. Anayedai seng'enge kutoka Suam hadi Lwakhakha aeleze kwanza familia hizo zingepita wapi.

Ombi langu ni kwa wazee wa Chepkube, Chesikaki, Sirisia na Lwakhakha. Mliobeba kahawa ile mkiwa vijana sasa mmepita miaka 65. Vitabu vinataja bei na amri za Amin, lakini namna mlivyovuka, mliyemlipa, na mwenzenu aliyepigwa risasi akabaki njiani, mnayajua ninyi. Mwambieni mjukuu aandike, au fikeni hapa studioni tuwarekodi. Majina hatutayataja hewani.