Chumvi, Moyo na Figo

 

Enyi ndugu Waislamu, mlio mbele yetu na mnaotusikiliza majumbani, leo tutazungumza juu ya chumvi. Mwezi wa Ramadhani hauko mbali, na kila mwaka hatuachi kuwaona wagonjwa wa shinikizo la damu wakiacha dawa zao kwa siri.

Figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu kwa siku, na ndani yake mna chumvi ipatayo kilo moja na nusu. Lau yote ingetoka, tusingefika magharibi. Lakini zaidi ya sehemu 99 katika kila 100 za sodiamu hurejeshwa mwilini, na kile kidogo kinachobaki ndicho kinachopimwa. Nani hupima? Si ulimi wetu. Ulimi ni hakimu mbaya wa chumvi.

Damu inapopungua kwa jasho, kuhara au jeraha, figo hutoa renini. Renini huamsha anjiotensini, nayo huziamuru tezi mbili zilizokaa juu ya figo mfano wa kofia zitoe aldosteroni. Homoni hii, iliyotengwa ikiwa safi mwaka 1953 na Sylvia Simpson na James Tait pamoja na wenzao, huzifanya figo zizuie sodiamu na kuachia potasiamu. Maji huifuata chumvi, na damu hujaa tena.

Upande wa pili ulijulikana baadaye. Mwaka 1981 Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Kanada, alitangaza pamoja na wenzake kwamba waliwadunga panya maji yaliyotolewa katika vyumba vya juu vya moyo, na panya wale wakakojoa chumvi na maji kwa wingi. Kumbe moyo, uliodhaniwa kuwa pampu tu, hupeleka ujumbe kwa figo: nimejaa, punguzeni. Habari hii hatuchoki kuisimulia.

Hata hivyo mizani hii huweza kulemewa. Figo zikidhoofika, au aldosteroni ikizidi, chumvi hubaki, maji hubaki nayo, na shinikizo hupanda pasi na maumivu. Huko kutoumwa ndiko kunakotudanganya. Mama hukoleza supu, akaongeza achari na papa mkavu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mzee naye hukiacha kidonge kwa kuwa kinampeleka haja ndogo mara kwa mara. Na kutoa chumvi kwa njia hiyo ndiyo kazi iliyokusudiwa.

Wenye maradhi haya na waende kwa tabibu kabla ya mwezi kuandama, wamuulize dawa zao wazimeze baada ya futari au wakati wa daku. Tabibu akisema saumu itamdhuru mgonjwa, basi na ale; siku zake atazilipa akipona, na asiyetarajiwa kupona atalisha masikini kwa kila siku.