Pampu ya Mafuta: Pima Kabla ya Kununua

Gari kuukuu la petroli likikosa nguvu mlimani, au likizima njiani na kuwaka tena baada ya kupoa, wengi wetu hukimbilia kununua pampu ya mafuta. Tusiharakishe. Katika magari mengi ya injeksheni, ukifungua swichi bila kupiga stata, pampu iliyo ndani ya tangi husikika ikivuma kwa sekunde 2 hivi. Ikinyamaza, angalia kwanza fyuzi, rilei na nyaya. Ikivuma, fundi apime presha kwa geji na akague filta. Huenda imeziba tu.

Pampu ikithibitika kuwa imekufa, ibadilishwe mahali penye hewa, injini ikiwa baridi. Presha ishushwe, kisha waya hasi wa betri utolewe. Sigara na moto visikaribie: mvuke wa petroli hutambaa chini na unaweza kuwakia mbali. Chujio na mpira wa kuzuia kuvuja viwe vipya.

Tena, tuache mazoea ya kutembeza tangi likikaribia kukauka. Petroli ndiyo huipoza pampu.

Gari likizima kwenye mteremko au barabara kuu, abiria ndio huumia.