Vyombo vya Kulishia Kondoo na Wana-Kondoo



Halmashauri imenitaka niseme nanyi juu ya vyombo vya kulishia kondoo. Wengi wetu, ijapokuwa mikono yetu yashinda juu ya karatasi, tuna mashamba nyumbani, na kondoo wetu twawatunza kwa barua na kwa pesa za mwisho wa mwezi. Mtu aliye mbali na zizi lake hununua kwa kuona picha, au kwa maneno ya mwenye duka. Kisha chombo hufika nyumbani, na mchunga hukifanya cha kuwekea viazi. Kosa si la mchunga.

Neno langu ni hili: anayechagua chombo cha kondoo na aitazame kwanza miguu ya kondoo, kisha mdomo wake. Kondoo hukanyaga chakula chake. Akitupiwa nyasi chini, hula zilizo tamu, hulalia zilizosalia na kuzichafua, na akishazinusa hazili tena. Walakini hasara ya nyasi ni ndogo. Ndani ya mavi hayo mna vijidudu viitwavyo koksidia, ambavyo macho hayavioni, na mwana-kondoo akivimeza pamoja na chakula hupatwa na kuhara, pengine kuhara damu, akakonda hata akafa. Hasa huwapata walio na umri wa wiki chache, ambao ndio kwanza waanza kuonja nafaka. Najua ya kuwa kondoo wekundu wa Kimasai wanasifiwa kwa kustahimili minyoo ya tumbo, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini haiwi sababu ya kuwalisha juu ya samadi.

Basi hori lililo jema ni lile ambalo mnyama hawezi kusimama ndani yake, na ambalo mtu mmoja aweza kulipindua kila siku na kulisugua. Mimi nalipendelea pipa la chuma la lita 200, lililopasuliwa kwa urefu likatoa mahori mawili, kila moja likiwekwa juu ya miguu ya mbao, na ubao mmoja ukapita juu katikati ili kuwazuia wasipande. Ukingo uliokatwa ni mkali kama wembe. Yapasa ukunjwe, au uvikwe mpira wa maji uliopasuliwa. Pipa lililochukua dawa ya wadudu lisiguswe kabisa, hata likioshwa mara saba.

Sasa tufanye hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Kondoo mzima ataka nafasi ya inchi 16 hivi horini, ikiwa wote wala kwa wakati mmoja. Pipa lina urefu wa karibu inchi 35. Kwa hiyo kila upande wala kondoo wawili, na hori moja lalisha wanne. Mwenye kondoo 20 ataka mahori matano, yaani mapipa matatu, na nusu pipa litamsalia. Akiweka mawili tu ili apunguze gharama, wenye nguvu watakula nafaka ya wenzao. Hao tumbo lao litachachuka, na pengine watakufa kwa shibe. Wanyonge nao, na huenda ndio wenye mimba, watakosa. Huo ni uwekevu wa kupoteza pande zote mbili.

Nyasi kavu zatiwa katika kichanja. Kisiwe juu ya vichwa vyao, kwani vumbi na mbegu huwaanguka machoni. Nafasi kati ya fito ama iwe ndogo hata kichwa kisipite, ama iwe kubwa hata kipite na kurudi bila taabu. Nafasi ya katikati ndiyo inyongayo, nayo ndiyo mafundi wetu waipendayo.

Wana-kondoo wapewe hori lao, dogo na fupi, ndani ya uzio wenye mlango mwembamba, inchi 8 hivi, ambao mama zao hawapiti. Fito za mlango huo zilainishwe, zisiwachubue.

Nafika kwa yatima, ambao chombo chao ni chupa. Mwana-kondoo wa kilo 4 apewe kama mililita 200 za dang'a mapema iwezekanavyo, saa sita zisipite tangu kuzaliwa, na katika siku ile ya kwanza apate jumla ya mililita 800 hivi. Chuchu ya mpira itobolewe hivi kwamba ukiipindua chupa maziwa yatone polepole, yasimiminike. Asimame, shingo imeinuliwa, kama anyonyaye kwa mama yake. Asilazwe chali kama mtoto wa mtu. Akiwa na mdomo wa baridi wala hawezi kunyonya, asilazimishwe, kwani maziwa yataingia mapafuni. Kwanza atiwe joto. Katika milima ya baridi, kama Lushoto au Molo, jambo hili hutokea karibu kila majira ya kuzaa. Kunyonya kwenyewe ndiko kunakofunga njia ya tumbo kubwa, maziwa yakapita moja kwa moja hata tumbo la nne, yanakostahili kwenda.

Ndoo zenye chuchu nyingi zauzwa, nazo hupunguza kazi yatima wakiwa wengi. Lakini muulize kwanza aliye nyumbani kama atazifungua na kuziosha kwa maji ya moto baada ya kila mlo. Akisita kujibu, nunua chupa za kioo.

Kisahani cha chumvi kiezekwe, mvua isiiyeyushe, na chumvi yenyewe iwe ya kondoo. Ile ya ng'ombe mara nyingi ina shaba nyingi, nayo huwaua kondoo polepole bila mtu kujua sababu. Maji yawe katika karai au debe, mbali kidogo na hori, ili wasiyatie nafaka wakinywa.