Rufaa Iliyokwisha Siku Zake

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za rufaa iliyofikishwa mahakamani baada ya siku zake kwisha. Jambo hili si la mawakili peke yao. Lamhusu kila mwenye kiwanja, nyumba au mirathi.

Chukueni mfano. Mama mmoja wa Mbagala, upande wa Temeke, amefiwa na mumewe, na Mahakama ya Mwanzo imeamua kuwa nyumba aliyokaa ni ya shemeji yake. Hakuridhika. Sheria ya Mahakama za Mahakimu yampa siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya. Akamwendea karani.

"Mwanangu, ile karatasi ya hukumu tayari?"

"Bado, mama. Rudi wiki ijayo."

Akarudi, akarudi tena. Alipoipata nakala, ilikuwa siku ya 41.

Hapa ndipo wengi waangukapo. Katika rufaa zitokazo Mahakama ya Mwanzo, nakala ya hukumu si sharti la kufungua rufaa; mama angaliweza kupeleka sababu zake bila ya karatasi ile. Mwenzake wa Kinondoni, mwenye shauri la kiwanja katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ana hesabu nyingine: hupewa siku 45 za kwenda Mahakama Kuu, na kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 siku zilizohitajika kupata nakala hutolewa katika hesabu.

Basi tuseme mama yetu amefungua rufaa siku ya 42, bila ya kuomba kwanza aongezewe muda. Mahakama haiwezi kuisikiliza, ijapokuwa yamwonea huruma, na ijapokuwa shemeji mwenyewe hakulitaja jambo la kuchelewa.

Tena yako maneno mawili ambayo barazani kwetu ni mamoja, lakini mahakamani ni mbalimbali: kuondolewa, na kutupiliwa mbali. Rufaa huondolewa kwa kuwa ina kasoro, hata kwa macho ya sheria ni kama haikuwako. Tofauti hiyo ilielezwa mwaka 1959 na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo. Ambaye rufaa yake imeondolewa aweza kurudi mlango ule ule, ila kama siku zimekwisha aombe muda kwanza. Lakini rufaa iliyotupiliwa mbali kwa kuchelewa imekwisha kuamuliwa. Mahakama hiyo imemaliza kazi yake, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha sema kuwa mtu hawezi kurejea hapo hapo kuomba muda. Njia iliyobaki ni kwenda juu. Na huko nako haitaulizwa nyumba ni ya nani, itaulizwa kama siku zilihesabiwa sawasawa.

Ndiyo maana ombi la muda hutangulia rufaa. Katika shauri la Lyamuya Construction, ombi namba 2 la mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo ya kuangaliwa: mwombaji aeleze muda wote aliochelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupita kiasi, aonyeshe bidii wala si uzembe, au iwepo sababu nyingine ya kutosha, kama uharamu katika uamuzi wenyewe. Hata siku moja yatakiwa maelezo.

Wengine hutaja Katiba, ibara ya 107A, isemayo haki itolewe bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ni kweli, lakini Mahakama ya Rufani haikukubali kuwa ukomo wa siku ni ufundi mtupu. Kwa mjane wa Mbagala twaona jambo hili ni zito, wala hatulifichi.

Rufaa ikisha kutupwa, hukumu ya kwanza husimama, na shemeji aweza kurudi Mahakama ya Mwanzo kuomba ikazwe. Basi mama, kabla hajatoka mahakamani, na amwulize karani: rufaa yangu imeondolewa, au imetupiliwa mbali? Kwani akitaka kwenda Mahakama Kuu, amepewa siku 30 nyingine, nazo hazimngojei afike Mbagala.