Jina Lako Likitafutwa kwenye Kompyuta



Wengi mwauliza: mbona nikifuata leseni naambiwa faili yangu iko idara nyingine, na serikali ya kaunti ni moja? Inachosha kweli, hasa kwa aliyetoka Merti alfajiri.

Lakini tuseme karani wa leseni aandike jina lako, na kompyuta ipekue mitandao ya idara zote. Hospitali ina mtandao wake na orodha yake ya wafanyakazi. Karani huyo hayumo. Programu ya kutafuta lazima iulize huko kwanza: huyu anaruhusiwa? Kama haruhusiwi, isimwonyeshe chochote, hata kichwa cha faili. Akiona tu "kliniki ya kifua kikuu", siri imetoka, na mji wetu ni mdogo. Akihamishwa idara, ruhusa ya zamani ifutwe siku hiyo hiyo. Hapo ndipo ofisi huteleza.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje. Rekodi za umma ziombe kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ujibiwe ndani ya siku 21. Ombi laandikwa hata kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika husaidiwa na afisa.