Pepinyeri ya dirishani
(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)



Nianze na kosa langu. Mwanzo wa sezoni A iliyopita, mwezi wa 9, ni mimi niliyewaambia mmwage mbegu zote za tomati na shu kwenye pepinyeri ya nje. Mvua ya siku mbili ikabeba, kilichobaki kuku wakamaliza. Mkaniuliza: "Sasa mbegu zingine ziko wapi?" Hazikuwapo. Pakiti moja ilikuwa imegawanywa nyumba tatu, mnajua wenyewe.

Ndiyo maana leo nasema juu ya dirisha.

Nyumba zetu za matofali ya udongo ziko na ukuta mnene, basi pale dirishani kunabaki nafasi ya kuweka chombo. Chukua bidoni ya mafuta ya lita 5, ikate ubavuni, toboa matundu chini. Usipotoboa, maji yanalala, miche inaoza shingoni na kuanguka. Udongo mweusi uchanganye na samadi iliyooza kabisa na mchanga kidogo, halafu mwagia maji yanayochemka, uache upoe. Mbegu ifunikwe kidogo tu, nusu sentimita. Tomati inatoka siku 5 mpaka 10. Biringanya inachelewa, usifukue kuchungulia! (Mama mmoja alinicheka niliposema hivyo, kumbe yeye alishafukua mara mbili.)

Shida kubwa ya ndani ni mwanga. Dirisha la mbao likibaki limefungwa asubuhi, miche inarefuka kama uzi na kulala upande. Chagua dirisha la upande jua linapotokea, fungua mapema, na kila siku geuza bidoni. Kama wote mnatoka, mwambie mtoto anayebaki. Usiku funga, juu ya panya.

Kwa tomati na shu, wiki 4 mpaka 6, mche ukiwa na majani manne au matano, uko karibu. Lakini usiutoe mara moja kwenye jua kali. Uzoeshe wiki nzima: leo saa moja nje kivulini, kesho zaidi. Kuhamisha ni jioni. Maharagi, mahindi na karoti acheni, hivyo vinapandwa palepale shambani.

Najua iko swali ambalo halijaulizwa. Wakati tuko Lugufu na Nyarugusu, watu wengine walilima mashamba yetu, na familia kadhaa bado zina kesi kwa chifu. Wananiambia: mbegu ya nini kama sina udongo? Mi nasema bidoni inabebeka. Ukipewa kipande mwezi wa 10, miche yako iko tayari, sezoni haijakupita. Ukikosa, hamishia kwenye magunia nyuma ya nyumba, au uza miche sokoni. Hiyo haimalizi kesi. Na sitaki marafiki wetu wa mbali wafikiri dirisha linaweza kushika nafasi ya shamba. Haliwezi. Kesi hizo bado tunawaomba mtusaidie kuzifuata.

Jumamosi kila nyumba ilete bidoni na kisu. Mbegu tutazihesabu mbele ya wote. Safari hii nusu itabaki kwa sekretere mpaka tuone zile za kwanza zimetoka.