Kitamu cha maua, wakati wa mgao

Wewe unayeijua foleni ya mgao, sikia hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza nao waliishi kwa kadi ya mgao. Kwa muda mrefu mtu alipata sukari gramu 225 hivi kwa wiki, na watoto walitaka kitu kitamu vilevile. Wapishi wengine walichuma maua meupe ya mti uitwao elda, wakayachemsha katika maziwa, wakachuja, wakakorogea unga laini wa mahindi. Harufu ya maua ilisaidia pale sukari ilipopungua.

Lakini maua tu! Majani na vijiti vya elda vina sumu. Huku kwetu pia usibahatishe: mtoto akileta ua usilolijua, litupe.

Rozela, ile choya ya juisi, unaijua. Chemsha konzi moja kwa vikombe 2 vya maji, chuja. Vuruga vijiko 4 vya unga wa muhogo kwa maji baridi kwanza, la sivyo utapata madonge. Mimina, koroga kwa moto mdogo mpaka uive vizuri. Maziwa usitie, yatakatika. Sukari weka mwisho, ukionja. Gawa vikombeni, funika, acha vipoe.